Jinsia Katika Runinga na Vyombo vya Habari vya Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watazamaji, wasikilizaji, walimu, wanafunzi wa uandishi wa habari na wale wanaoandika miswada ya tamthilia. Mifano mingi inatoka Tanzania na Kenya, kwa kuwa huko ndiko kwenye vituo vingi zaidi vya runinga na redio vinavyotumia Kiswahili.

Uwakilishi wa kijinsia katika vyombo vya habari ni nini hasa?

Ni namna wanawake na wanaume wanavyoonyeshwa, wanavyosikika na wanavyoandikwa katika habari, tamthilia, filamu, matangazo ya biashara, vichekesho na video za muziki. Wengi hudhani kwamba suala hili ni la kuhesabu tu wanawake wangapi wameonekana na wanaume wangapi. Kuhesabu kuna faida yake, na takwimu zimetolewa mbele, lakini hesabu peke yake hudanganya, kwa sababu tamthilia inaweza kujaa wanawake kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, na bado wote wakawa wanamgombea mwanamume mmoja. Yapo maswali yenye uzito zaidi: ni nani anayefanya uamuzi unaosogeza kisa mbele, ni nani anayejisemea na ni nani anayesemewa, na ikiwa kosa lilelile limetendwa na mwanamke na mwanamume, ni yupi anayeadhibiwa na mwandishi wa kisa hicho?

Dhana mgando, au taswira mgando kama wengine wanavyoiita, ni ile sifa moja inayobandikwa kundi zima la watu mpaka mtazamaji akamaliza kumjua mhusika kabla hajafungua kinywa.

Lakini tamthilia si huonyesha maisha yalivyo? Mama wakwe wakorofi wapo, na wanawake wapenda fedha wapo.

Wapo, na hakuna anayekana. Dhana mgando mara nyingi huwa na chembe ya ukweli, na ndiyo maana haichoki kuaminika. Ubaya wake unatokana na kurudiwa kwa kipande kimoja cha maisha huku vingine vikiachwa, hadi kile kipande kionekane kuwa ndiyo maisha yenyewe. Profesa George Gerbner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, aliyeanza utafiti wake mwishoni mwa miaka ya 1960, alieleza kwamba watu wanaotazama runinga kwa saa nyingi huelekea kuuona ulimwengu wa kweli kwa sura ile inayoonyeshwa kwenye runinga. Mwanasosholojia Gaye Tuchman naye aliandika mwaka 1978 kwamba mtu anaweza kufutwa na vyombo vya habari bila kutukanwa hata kidogo: hutosha asionyeshwe kabisa, au aonyeshwe katika mambo madogo yasiyo na uzito, au kila anapoonekana awe analaumiwa.

Isitoshe, hoja ya kwamba tamthilia ni maisha yalivyo haisimami tunapotazama kilichoachwa nje. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kwenda soko la Feri jijini Dar es Salaam kununua samaki wa kukaanga, mama lishe anayesomesha watoto watatu kwa sufuria mbili, mkulima wa mpunga wa Kilombero, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha VIKOBA anayelala na wasiwasi wa fedha za wenzake, hawa wote ni wengi kuliko mrembo wa mjini aliyekaa sebuleni kwenye makochi makubwa akisubiri kutumiwa pesa. Ila sebule ni rahisi kupiga picha, na Feri kuna kelele. Si kila dhana potofu inatokana na nia mbaya. Nyingine zinatokana na bajeti.

Ni wahusika wa aina gani wanaojirudia zaidi katika tamthilia na filamu za Kiswahili?

Mtazamaji wa kawaida anaweza kuwataja bila kufikiri. Yuko mama mkwe asiyetosheka. Yuko mke mvumilivu anayelia hadi sehemu ya mwisho, na uvumilivu wake ndio unaomletea tuzo ya kurudiwa na mume. Yuko mchepuko, mwenye kucha ndefu na kicheko cha dharau, ambaye anabeba lawama yote ya ndoa iliyovunjika ilhali mume aliyeivunja anaonyeshwa kama mtu aliyepotezwa njia. Yuko msichana aliyetoka kijijini akaharibiwa na jiji. Wote hawa wamejengwa kwa kupimwa dhidi ya mwanamume: amempata, amempoteza, amemnyang'anya mwenzake.

Wawili wanahitaji kuzungumzwa kwa urefu, kwa sababu madhara yao yanavuka kioo.

Wa kwanza ni dada wa kazi. Katika vichekesho yeye ni mshamba mwenye lafudhi ya mkoa fulani, asiyejua kutumia jiko la gesi. Katika tamthilia nzito yeye ni ama mwizi wa mume au mtesaji wa mtoto. Kenya wana kielelezo chao cha namna hiyo, na lafudhi inayochekwa huwa ya jamii fulani za magharibi ya nchi. Hapa jinsia, umaskini na kabila hukutana katika mwili mmoja, na pengine ndiyo sababu kicheko huja kwa urahisi: anayechekwa hana nafasi ya kujibu. Ni nadra mno kuona kisa kinachosimuliwa kutoka upande wake, kikieleza saa anazofanya kazi, mshahara unaocheleweshwa, au mwajiri wa kiume anayemgongea mlango usiku. Katika nyumba za kweli jambo hilo la mwisho lina uwezekano mkubwa wa kutokea, ila kwenye runinga hugeuzwa ikaonekana kwamba yeye ndiye aliyetega.

Wa pili ni bibi kizee mchawi. Filamu za Kitanzania za uchawi zimemtumia kiasi kwamba nywele nyeupe, kaniki na macho mekundu vinatosha kumtambulisha. Sasa, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na hasa Usukumani, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mojawapo ya alama walizohukumiwa nazo ni macho mekundu, ambayo kwa kweli hutokana na kukaa miaka mingi jikoni kwenye moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Imani hiyo ni ya zamani kuliko filamu, na hakuna anayeweza kudai kwamba filamu fulani ilimpa mtu panga. Hata hivyo, msanii anayechagua kumvisha mchawi wake sura ileile ambayo wauaji huitafuta hawezi kujitetea kwa kusema kwamba yeye anaburudisha tu. Angeweza kumfanya mchawi kuwa mhasibu wa makamo, mwenye tai.

Kwa nini tamthilia za kigeni zilizoingizwa sauti za Kiswahili zina wahusika walewale?

Kwa sababu familia za ukoo zina migogoro inayofanana, na kwa sababu wauzaji wa tamthilia wanajua kinachouzika popote. Mwaka 2011 TBC, shirika la utangazaji la taifa la Tanzania, ilirusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, iliyosimulia maisha ya Mao Doudou na mama wakwe zake, nayo ikapendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baadaye zikaja za Kituruki kwa wingi. Kinachostahili kuangaliwa ni kazi ya kuingiza sauti yenyewe, kwa kuwa mfasiri na mwigizaji wa sauti huongeza chumvi yao: mwanamke aliyekuwa anazungumza kwa ukali wa kawaida katika lugha yake anaweza kupewa sauti ya kushangaa na kudeka, na mzee mwenye heshima akapewa sauti ya kuamrisha.

Je, dhana hizi zinawahusu wanawake peke yao?

Hapana, na wanaoligeuza suala hili kuwa ugomvi wa wanawake dhidi ya wanaume hawajalielewa. Mwanamume wa tamthilia hupimwa kwa pesa na kwa ubabe. Akiwa hana pesa ni marioo, yaani mwanamume anayelelewa na mwanamke. Akilia ni dhaifu. Akisaidia kazi za nyumbani, basi kwa Watanzania amelishwa limbwata, yaani dawa ya mapenzi, na kwa Wakenya amekaliwa chapati, yaani anatawaliwa na mkewe. Hebu tuitazame hiyo ya limbwata kwa makini: katika filamu kadhaa mume anayeanza kufua, kupika na kumsikiliza mkewe ndiye anayepelekwa kwa mganga ili arejeshwe katika hali yake. Upendo wa mume kwa mkewe unakuwa ugonjwa unaotakiwa kutibiwa.

Mitandaoni, mzaha kuhusu "wanaume wa Dar" wanaoogopa jua na kupaka losheni umeshamiri kwa miaka, na wengi wanauona hauna madhara. Ni kweli kwamba mwingi ni utani wa mikoa, na utani una nafasi yake katika jamii zetu. Upande wa Kenya, mizaha kuhusu wanaume wa Nyeri wanaopigwa na wake zao inasogea mahali pa hatari zaidi, kwa kuwa mwanamume anayepigwa kweli nyumbani kwake anajua kabisa kwamba akienda polisi, hata penye Dawati la Jinsia na Watoto kama ilivyo Tanzania, kitakachomtangulia pale mezani ni kicheko.

Matangazo ya biashara yana tatizo gani?

Tazama matangazo ya sabuni ya unga, mafuta ya kula na dawa ya mbu. Anayefua, anayepika na anayehangaika na homa ya mtoto ni mwanamke. Lakini inapofika wakati wa kueleza kwa nini bidhaa hii ni bora, husikika sauti nzito ya mwanamume, mara nyingine akiwa amevaa koti jeupe, akimfundisha mama mwenye uzoefu wa miaka ishirini namna ya kutoa doa. Ikija zamu ya saruji, rangi za nyumba, mikopo na bima, mteja anakuwa mwanamume, ingawa nyumba nyingi za matofali mitaani zimejengwa kwa fedha za upatu wa akina mama.

Mwanasosholojia Erving Goffman, aliyechambua picha za matangazo katika miaka ya 1970, aligundua mambo madogo ambayo macho hayayatambui haraka: mwanamume hushika kitu kwa mkono thabiti, mwanamke hukigusa kwa ncha za vidole, mwanamume husimama juu, mwanamke huketi au hulala chini yake, mwanamume huangalia kazi, mwanamke huangalia kando. Mabango ya barabarani ya miji yetu yanaweza kusomwa kwa kipimo hicho hadi leo.

Nchini Uingereza mamlaka inayosimamia viwango vya matangazo ilianza kutekeleza kanuni ya kuzuia dhana za kijinsia zenye madhara mwezi Juni 2019, na mwezi Agosti yakazuiwa matangazo mawili ya kwanza: moja la jibini ya Philadelphia, lililoonyesha akina baba wakizubaa na chakula hadi wakawasahau watoto wao wachanga, na jingine la gari la Volkswagen, ambamo wanaume walikuwa wanaanga na wanariadha huku mwanamke akiwa ameketi kando ya kigari cha mtoto. Ni vyema kutambua kwamba tangazo la kwanza lilizuiwa kwa kuwadhalilisha wanaume.

Kuna aina nyingine ya matangazo ambayo haiangaliwi vya kutosha, nayo ni ya vipodozi vya kung'arisha ngozi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini marufuku hiyo ni ya kemikali. Ujumbe kwamba msichana mweupe ndiye anayepata mchumba na kazi ya mapokezi unaendelea kurushwa bila kikwazo.

Hali ikoje katika taarifa za habari?

Upo mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, unaoratibiwa na shirika la mawasiliano la Kikristo liitwalo WACC, ambao tangu mwaka 1995 hukusanya habari za siku moja katika nchi nyingi kila baada ya miaka mitano na kuhesabu ni nani aliyetajwa, aliyesikika au aliyeonekana. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2005 walikuwa asilimia 21, mwaka 2010 na 2015 asilimia 24, na mwaka 2020, katika nchi 116, asilimia 25. Kwa maneno mengine, miaka 25 ilisogeza kiwango hicho kwa pointi nane tu, na wanawake ni nusu ya watu duniani.

Kinachoniumiza zaidi, hata hivyo, ni ile kazi wanayopewa wanapoonekana. Mwandishi anapokwenda sokoni bei ya unga inapopanda, humuuliza mama muuza mboga anajisikiaje. Kisha anarudi mjini kumuuliza mchumi wa kiume kwa nini bei imepanda. Yule mama, anayenunua kwa jumla kila wiki na anayejua lori lilichelewa wapi, angeweza kabisa kueleza sababu. Katika takwimu za mwaka 2020 wanawake walikuwa takriban robo tu ya wataalamu waliohojiwa, na visingizio vya wahariri kwamba wataalamu wanawake hawapatikani kwenye simu vinazeeka vibaya, kwani orodha ya namba katika daftari la mwandishi huwa ni ileile aliyorithi kwa mtangulizi wake.

Kwa nini vichwa vya habari kuhusu mauaji na ubakaji hulalamikiwa?

Kwa sababu ndani yake mtendaji hupotea. Msomaji wa magazeti ya Tanzania amezoea vichwa vya aina ya "Auawa kwa wivu wa mapenzi" au "Binti abakwa akitoka disko". Katika cha kwanza hakuna muuaji: kuna aliyeuawa, na kuna wivu wa mapenzi, kana kwamba wivu ulikuja wenyewe na kisu. Maneno hayo matatu huchukuliwa kwenye taarifa ya kamanda wa polisi ya siku ya kwanza, kabla ya uchunguzi, na ndiyo yanayobaki kwenye kumbukumbu ya umma hata kesi ikionyesha kwamba mwanamke huyo alikuwa ameomba talaka au alikwisharipoti vipigo mara kadhaa. Katika cha pili disko limepewa nafasi ya sababu, na swali linaloingia kichwani mwa msomaji ni alikuwa anafanya nini huko usiku.

Wahariri hujitetea kwa sheria, kwamba hawawezi kumwita mtu muuaji kabla ya mahakama kuamua. Utetezi huo ni wa haki, ila una jibu jepesi: "Polisi wamshikilia mume kwa tuhuma za kumuua mkewe" ni kichwa kinachomlinda mtuhumiwa kisheria na kinachomrudisha mtu ndani ya tukio. Neno wivu linaweza kusubiri ushahidi.

Mwezi Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, baada ya visa vilivyotokea mfululizo, baadhi yake katika nyumba za kupangisha kwa muda mfupi. Miongoni mwa mambo yaliyowakera waandamanaji ni mjadala uliotangulia kwenye redio, runinga na mitandao, ambao uliwahoji marehemu badala ya wauaji: alimjuaje, alifuata nini, nani alilipia chumba.

Wanasiasa wanawake huandikwaje?

Hupewa moja ya sura mbili: ama mama, ama mwanamume wa kuazima. Martha Karua wa Kenya, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria, alisifiwa kuwa ndiye mwanamume pekee katika baraza la mawaziri la Rais Mwai Kibaki, na waliosema hivyo walidhani wanampamba. Wawakilishi wa wanawake wa kaunti walibandikwa jina la kejeli la wasichana wa kushika maua harusini. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania tarehe 19 Machi 2021, siku chache baadaye katika kumuaga mtangulizi wake alilazimika kuwaambia wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni rais mwenye maumbile ya kike. Hakuna rais wa kiume aliyewahi kuhitaji kutoa maelezo ya namna hiyo.

Wanawake wenyewe hawachangii?

Wanachangia. Miswada mingi ya mama mkwe mbaya imeandikwa na wanawake, na watazamaji wake waaminifu ni wanawake. Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 2021 Rais Samia naye alizua mjadala mkubwa aliposema kwamba baadhi ya wachezaji wa kike wa mpira wana vifua bapa na kwamba huenda wakapata shida kuolewa. Mfumo dume ni mazoea ya jamii nzima, na mtu halindwi nao kwa kuzaliwa mwanamke.

Basi kuajiri waandishi wanawake kutasaidia nini?

Kutasaidia endapo watafika mahali pa kuamua. Kwa muda mrefu sauti za wanawake zimekuwa za kawaida hewani. Kizazi cha Radio Tanzania kinamkumbuka Edda Sanga. Lakini kusoma habari ni jambo moja, na kuamua ipi iwe ya kwanza ni jingine. Kwa sababu hiyo waandishi wanawake waliunda vyama vyao: AMWIK nchini Kenya mwaka 1983, UMWA nchini Uganda mwaka huohuo, na TAMWA nchini Tanzania mwaka 1987, Fatma Alloo akiwa miongoni mwa waasisi. Jarida la TAMWA lilipewa jina la Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar ambaye mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kampeni ya TAMWA na wenzake ndiyo iliyosukuma kupitishwa kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoweka adhabu isiyopungua miaka 30 jela kwa kosa la ubakaji. Kabla ya hapo, habari za ubakaji zilikuwa aya mbili za ukurasa wa ndani.

Ndani ya vyumba vya habari kuna kikwazo kinachozungumzwa kwa kunong'ona, nacho ni rushwa ya ngono: mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo au mwandishi wa kujitegemea anaambiwa kwamba habari yake itatoka iwapo atakubali kuonana na mhariri nje ya kazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inalitaja kosa hilo katika kifungu cha 25. Wengi wanaopitia hali hiyo huacha kazi kimyakimya, kisha watu wakaambiwa kwamba wanawake hawaipendi siasa na michezo.

Kuna ushahidi wowote kwamba kipindi kinaweza kubadili mitazamo?

Upo, na mmoja wa ushahidi bora zaidi duniani ni wa kwetu. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati. Mhusika wake mkuu, Mkwaju, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu alianza akiwa mke mnyenyekevu anayevumilia kila kitu. Waandishi hawakumfanya Mkwaju kuwa shetani. Walimwacha aishi, na matokeo ya maisha yake, pamoja na virusi vya UKIMWI, yakamfikia polepole. Tunu naye hakubadilika kwa siku moja: alianza biashara ndogo ya mboga, akapata kauli juu ya fedha zake, na hatimaye akamwacha mume.

Kilichoufanya mchezo huo ujulikane hadi vyuo vikuu vya nje ni namna ulivyopimwa. Hadi mwaka 1995 mitambo ya Dodoma ilirusha vipindi vingine muda huo, hivyo watafiti, akiwemo Everett Rogers na Peter Vaughan, wakaweza kulinganisha wakazi wa eneo hilo na wa mikoa mingine iliyousikia. Katika maeneo yaliyousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma, na wasikilizaji wengi walieleza kwamba wamepunguza idadi ya wapenzi. Dodoma nayo ilipoanza kuupata mchezo huo, mabadiliko ya namna hiyo yakaonekana huko. Waandishi wa leo wanaosema kwamba hadhira haitaki chochote ila fumanizi wanapaswa kukumbuka kwamba fumanizi lilikuwemo humo tele. Lilikuwa na matokeo, na mwanamke alikuwa na kazi nyingine ya kufanya katika kisa zaidi ya kulia.

Vipindi vya watoto vinatofautianaje?

Hapa kuna habari njema. Ubongo, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, imetengeneza katuni za Kiswahili ambamo kiongozi wa safari ya kujifunza ni Akili, msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Hakuna anayetangaza kwamba ni ajabu msichana kupenda kuhesabu. Anahesabu tu, na watoto wa kiume wanahesabu pamoja naye.

Je, haya si mawazo ya Magharibi yaliyoletwa na wafadhili?

Fedha nyingi za miradi zimetoka nje, na wakati mwingine lugha ya miradi hiyo imekuwa ngumu kiasi cha kuwachosha watu. Lakini madai yenyewe si ya kuletwa. Mkutano wa Nne wa Wanawake Duniani uliofanyika Beijing mwezi Septemba 1995, ambao ulikitaja chombo cha habari kama eneo la kumi kati ya 12 ya kushughulikiwa, uliongozwa na Katibu Mkuu wake, Mtanzania Gertrude Mongella. Itifaki ya Jinsia na Maendeleo ya mwaka 2008 ya SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo nayo inadai usawa katika vyombo vya habari, iliandikwa na nchi za ukanda huu. Shindano la Mama Shujaa wa Chakula, lililoanzishwa na Oxfam mwaka 2011 na mwaka uliofuata likaingia katika kipindi cha runinga cha Maisha Plus, lina jina la mfadhili, lakini wanawake wakulima waliosimama mbele ya kamera kueleza mambo ya mbegu, ardhi na mirathi walikuwa wanasema yao, na waliopiga kura walikuwa watazamaji wa hapa.

Kipimo cha Bechdel ni nini, na kinafaa kwa kazi za Kiswahili?

Ni kipimo kilichotokana na katuni ya Mmarekani Alison Bechdel ya mwaka 1985: je, katika filamu kuna wanawake wawili au zaidi, wanazungumza wao kwa wao, na mazungumzo yao yanahusu jambo jingine zaidi ya mwanamume? Kinafaa kama swali la kuanzia, hasa kwetu ambako mama mkwe na mkwewe huzungumza sana na filamu ikaanguka palepale, kwa kuwa anayezungumziwa ni mwana na mume. Hakitoshi, kwani filamu inaweza kukipita kwa mazungumzo mawili kuhusu nywele.

Nikiona kipindi au habari inayodhalilisha, nipeleke wapi malalamiko?

Anza na kituo au gazeti lenyewe, kwa maandishi, ukielekeza kwa mhariri mkuu au meneja wa vipindi. Taja jina la kipindi, tarehe, saa na maneno au picha unayolalamikia, na utunze nakala ya gazeti au rekodi, kwa sababu malalamiko mengi huanguka kwa kukosa kumbukumbu hizo. Usipojibiwa, kwa redio na runinga za Tanzania unaweza kwenda kwenye Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwa masuala ya maadili ya uandishi kwenye Baraza la Habari Tanzania, ambalo hufanya kazi kwa njia ya usuluhishi na halitozi gharama za wakili. Nchini Kenya malalamiko dhidi ya waandishi na vyombo vya habari husikilizwa na kamisheni ya malalamiko iliyo chini ya Baraza la Vyombo vya Habari, na kanuni za maadili zinazotumika huko zinataka wanawake na wanaume watendewe kwa usawa kama wahusika wa habari na kama vyanzo vyake, kwa hiyo taja kanuni hiyo katika barua yako. Ikiwa kinacholalamikiwa ni tangazo la biashara, mpelekee nakala na mwenye bidhaa. Kwa kawaida ndiye anayejibu haraka kuliko wote.